Kwa Nini Rangi ya Mafuta Haitaki Haraka

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, tulitaka kupaka rangi mlango wa chumba tunachokitumia kuandalia gazeti. Wageni walikuwa wanakuja kesho kutwa. Tulikuwa na kopo moja la rangi ya mafuta, ya buluu, lita moja. Tukasema, kwa nini tupake kidogo, tusubiri, halafu tupake tena? Tupake mara moja tu, nzito, tumalize kopo. Tukapaka. Jioni mlango ulikuwa unang'aa kama kioo. Tulifurahi kweli kweli.

Wageni wakaja. Mzee mmoja akauegemea mlango huku anazungumza. Alipoondoka, bega lote la koti lake lilikuwa buluu. Aibu gani hiyo! Na haikuishia hapo. Baada ya wiki mbili mlango ulikuwa bado unanata. Ukiubonyeza, kidole kinazama. Juu rangi ilikuwa imefanya makunyanzi kama ngozi ya embe lililokaa juani. Mwisho tuliikwangua yote, tukanunua kopo lingine. Kopo la kwanza lilikwenda bure, na koti la mzee pia.

Siku zile tulisema kwamba rangi ilikuwa mbaya. Rangi haikuwa na ubaya wowote. Sisi ndio hatukujua rangi ya mafuta inakaukaje. Leo tunataka kulieleza jambo hilo, maana mtu akilielewa, mambo mengine mengi ya kazi hii yatamfungukia yenyewe. Na rangi si kitu cha bei ndogo. Mlango wa mbao nzuri ni ghali zaidi.

MAFUTA HAYAKAUKI KAMA NGUO

Ukianika nguo, maji hutoka yakaenda hewani, nguo ikabaki. Rangi ya maji, ile ya kupaka ukutani, hukauka kwa namna hiyo hiyo. Maji yanatoka, rangi inabaki.

Rangi ya mafuta ni habari nyingine. Ndani yake mna unga wa rangi yenyewe, mwekundu au mweupe au wa buluu. Mna mafuta, ambayo huushika unga huo na kuugandisha kwenye ubao. Tena mna kitu chepesi kama tapentaini, cha kuilainisha rangi ili brashi iteleze. Hicho chepesi hutoka mapema, ndicho unachokinusa. Lakini mafuta hayatoki. Yanabaki pale pale, na yanavuta hewa. Tukisema hewa, tuna maana ya oksijeni, ile sehemu ya hewa ambayo sisi pia tunaihitaji tukipumua. Mafuta yanapoipata, polepole yanageuka kutoka majimaji yakawa kitu kigumu. Kwa hiyo nguo hukauka kwa kupungukiwa na maji, lakini mafuta ya rangi hukauka kwa kuongezewa hewa.

Huna haja ya kwenda mbali kuliona jambo hili. Nenda jikoni, tazama chupa ya mafuta ya alizeti iliyokaa muda mrefu. Shingoni, chini ya kifuniko, utakuta utando unaonata kama gundi. Hayo ni mafuta yaliyokutana na hewa. Sasa tazama chupa ya mafuta ya nazi. Hata yakikaa mwaka yatabaki mafuta. Yatachacha, yatanuka, lakini hayafanyi ngozi. Basi mafuta hayafanani. Mengine hukauka, mengine hayakauki kabisa. Yanayosifika kwa kukauka ni mafuta ya mbegu za kitani, na wachoraji wa Ulaya wameyatumia kwa mamia ya miaka kuchorea picha. Rangi nyingi za mafuta za madukani siku hizi hutengenezwa kwa gundi ya kiwandani iliyounganishwa na mafuta ya mimea, kama vile soya au kitani. Lakini kukauka kwake ni kule kule, kwa hewa. Kwa hiyo mtu asikudanganye ukaongeza mafuta ya nazi au ya karanga koponi eti rangi iwe nyingi. Mlango wako hautakauka mpaka Kiama.

Wenzetu wa pwani hawakungoja kopo la dukani ili walinde mbao. Tangu zamani mbao za majahazi hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Na sehemu ya chombo inayokaa majini hupakwa deheni, ambayo ni shahamu iliyochanganywa na chokaa. Harufu yake, we acha! Lakini chombo kinasafiri.

Sasa turudi kwenye mlango wetu wa buluu. Hewa ilifika kwanza juu ya rangi. Juu pakafanya ngozi. Ngozi ile ikaziba njia, hewa isifike chini, na chini yakabaki mafuta mabichi. Ngozi ikaendelea kuvuta hewa na kutanuka, lakini haikuwa na pa kutanukia. Ndipo ikajikunja makunyanzi. Ni ngozi ile ile unayoikuta ndani ya kopo ambalo halikufungwa vizuri. Kama tungepaka nyembamba, hewa ingepenya mpaka kwenye ubao, na rangi yote ingekauka pamoja. Hii ndiyo sababu mafundi hupiga mikono miwili au mitatu myembamba, na hawapigi mmoja mzito.

TUMTAYARISHE MLANGO KWANZA

Watu hupenda kufungua kopo mapema. Subiri kidogo. Kazi kubwa iko kabla ya rangi.

Ubao uwe mkavu. Mbao mbichi zina maji ndani, na maji hayo yatatafuta njia ya kutoka. Yakikuta rangi imeziba, yataisukuma, rangi ifanye malengelenge na kubanduka. Ubao mkavu ni mwepesi kwa ukubwa wake, ukiugonga unalia, na unga wa msumeno haugandi mkononi. Kama mlango umenyeshewa mvua, uache siku kadhaa za jua kwanza.

Tena ubao usiwe na mafuta yasiyokauka. Hapa wengi wanaumia. Mtu amepaka mbao zake oili chafu ya gari ili kufukuza mchwa. Baada ya mwaka anataka rangi nzuri ya kijani. Haitashika! Oili ya gari haigeuki kuwa ngumu hata siku moja, na rangi iliyo juu yake inateleza kama mtu aliyesimama kwenye utelezi. Basi amua mapema. Nguzo za zizi zipake oili kama unataka, lakini mlango wa rangi uache bila oili. Na mlango wa zamani ulioshikwa na mikono na moshi wa jikoni uoshe kwa maji ya sabuni, usuuze, ukauke.

Kisha piga msasa. Fuata urefu wa nyuzi za ubao, usizikate kwa upande, maana mikwaruzo itaonekana hata chini ya rangi. Futa vumbi lote.

Kuna mahali pamoja ambapo karibu kila mtu anapasahau, nako ndiko mlango unakoanza kuoza. Ni ukingo wa chini, ule unaotazama sakafu. Ubao ni kama fungu la mirija iliyolala pamoja. Kwa ubavuni haunywi maji mengi. Lakini mwisho wa ubao, pale ulipokatwa, mirija yote iko wazi. Mvua inapiga kizingiti, mama anapiga deki, na miguu ya mlango inakunywa tu. Baada ya miaka michache ukiweka kidole kinaingia kama kwenye mkate. Juu mlango unang'aa, chini umekufa. Kwa hiyo fungua skrubu za bawaba, ung'oe mlango, ulaze juu ya vigoda viwili, na upake ukingo wa chini na wa juu kama unavyopaka uso. Upake hata mara tatu. Kama tungeambiwa tuchague sehemu moja tu ya mlango ya kupaka rangi, sisi tungechagua hiyo.

MKONO WA KWANZA MWEPESI, WA MWISHO MZIMA

Mkono wa kwanza unatakiwa uingie ndani ya ubao, ushike. Tumia rangi ya kwanza ya mbao kama ipo dukani. Kama haipo, chukua rangi yako, ongeza tapentaini kidogo, kama sehemu moja kwa sehemu kumi. Isiwe maji. Ikikauka, ziba matundu ya misumari kwa puti. Ukiziba kabla ya mkono wa kwanza, ubao mkavu utanyonya mafuta ya puti, nayo itapasuka na kudondoka.

Mkono wa mwisho usiuongezee kitu. Sababu yake ni hii. Mafuta yakiwa mengi, rangi hukauka polepole na huwa laini kwa muda mrefu. Mafuta yakiwa kidogo, hukauka upesi na kuwa kavu. Ukiweka kavu juu ya laini, ile ya chini inaendelea kusogea, na ile ya juu haiwezi kuifuata. Inapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo chini iwe nyepesi, juu iwe yenye mafuta yake yote. Wanaochora picha kwa rangi za mafuta hufuata sheria hiyo hiyo.

Na tukizungumza habari za picha, tumtaje ndugu Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa sehemu za Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora. Hakununua rangi za wachoraji wa Ulaya. Alitumia rangi ya makopo, ile ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akachora wanyama na ndege juu ya ubao mwembamba wa dari. Alifariki mwaka 1972, lakini aliowafundisha waliendelea, na mwaka 1990 waliandikisha ushirika wao. Picha hizo zinajulikana duniani, na zilianza na kopo kama lako. Mchoraji wa namna hiyo hupaka kwanza rangi ya nyuma, anaiacha ikauke, ndipo anachora chui juu yake. Akiharakisha, madoa ya chui yatachanganyika na mbingu.

Sasa hesabu. Lita moja ya rangi ya mafuta hupaka kama mita 10 mpaka 12 za mraba za ubao laini, mkono mmoja. Chukua mlango wa mita 2 kwenda juu na sentimita 90 upana. Upande mmoja ni mita 1.8 za mraba. Pande mbili ni 3.6. Ongeza fremu na kingo, tuseme jumla ni 5. Mikono miwili ni 10. Basi lita moja inakutosha kwa mikono miwili, haibaki nyingi. Mbao zisizopigwa randa zinakunywa zaidi. Lakini kopo lako lina maandishi, na sisi tulikwenda kisomo ili tusome hata kopo. Litakuambia inapaka eneo gani, inachanganywa na nini, na ungoje saa ngapi kati ya mkono na mkono. Soma kabla ya kulipa.

Siku ya kupaka iwe kavu. Anza umande ukiisha, na acha mapema alasiri, ili umande wa jioni usikute rangi mbichi na kuifubaza. Paka kivulini, maana jua kali linafanya ngozi juu haraka, na tumeshaona ngozi inaleta nini. Koroga kopo kwa kijiti mpaka chini kabisa, kwa sababu unga hukaa chini. Usipokoroga, nusu ya mlango itakuwa mafuta matupu na nusu itakuwa uji. Ukikuta ngozi juu, itoe nzima. Usiivunjevunje ndani. Chovya theluthi moja tu ya nywele za brashi, ifute kidogo kwenye ukingo wa kopo. Paka, sambaza, kisha malizia kwa kupitisha brashi taratibu kufuata urefu wa ubao. Halafu ondoka. Usirudi kurekebisha rangi iliyoanza kushika. Brashi itaacha mistari ambayo haiondoki.

Ngoja mpaka kesho. Kama hali ni ya unyevu, ngoja kesho kutwa. Jaribu kwa ukucha mahali pasipoonekana, nyuma karibu na bawaba. Ukucha ukiacha alama, bado. Ikiwa ngumu, pitisha msasa laini kidogo, futa vumbi, piga mkono wa pili.

UKUTA NI KITU KINGINE

Wengine wanapenda kupaka ukuta mzima rangi ya mafuta, eti unaosheka. Ni kweli unaosheka. Lakini saruji mpya na chokaa mpya zina ukali ndani yake. Kina mama wanaotengeneza sabuni kijijini wanajua: mafuta yakikutana na kostiki yanageuka sabuni. Ukuta mbichi unafanya hivyo hivyo kwa rangi yako. Unaigeuza sabuni. Inakuwa laini, inanata, inabanduka. Ungoje angalau mwezi ukuta ukauke vizuri, kisha uanze na rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya saruji. Ukuta wa udongo usiupake rangi ya mafuta kabisa. Unyevu unapanda kutoka chini, na ukikuta pameziba unasukuma rangi pamoja na udongo wake. Ukuta wa udongo unataka chokaa.

MAMBO YA HATARI

Hapa tunaomba msome polepole, na mwenye jirani asiyejua kusoma amsomee.

Watu wengine hulainisha rangi kwa petroli, kwa sababu ni rahisi kuipata. Mvuke wa petroli hutambaa chini kama moshi wa baridi, hauonekani, na ukifika kwenye jiko la mkaa chumba cha pili unarudi na moto. Usitumie. Mafuta ya taa nayo si dawa. Yanachelewa kutoka, yanaifubaza rangi, na mlango unakaa siku nyingi ukinata. Hata tapentaini inashika moto, kwa hiyo fungua madirisha na usivute sigara.

Vitambaa ulivyofutia rangi au mafuta ya kitani usivilundike pembeni. Tulisema mafuta huvuta hewa yakikauka. Yakifanya hivyo hutoa joto. Kwenye mlango joto linakwenda zake. Ndani ya lundo la vitambaa halina pa kwenda, linaongezeka, na lundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vianike kimoja kimoja nje mpaka vikakamae, au vitie kwenye ndoo ya maji.

Jambo la watoto ni kubwa zaidi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na nyingine, hasa za njano na nyekundu, zimeendelea kuwa nayo. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto hula vumbi lililoshika vidole vyake. Tanzania na Kenya sasa zina viwango vinavyotaka risasi isizidi sehemu 90 katika sehemu milioni moja za rangi. Basi dukani tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, na kopo lisilo na maandishi ya kiwanda liache. Na mlango wa zamani usiukwangue mkavu. Lowesha kwa maji, piga msasa ukiwa umelowa, funga pua na kitambaa, kusanya makapi yote, na watoto na kuku wawe mbali. Usiichome rangi ya zamani kwa moto. Moshi wake ni sumu.

La mwisho hapa: tapentaini isitiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto anaona soda, anakunywa. Ikitokea hivyo, usimtapishe, maana ikirudi juu inaingia mapafuni na ndipo inapoua. Usimpe maziwa eti yaue sumu. Mkimbize zahanati au hospitali saa ile ile, na chupa uende nayo.

BAADA YA KAZI

Brashi ioshe papo hapo. Kesho itakuwa gongo. Ikamue kwenye gazeti kuukuu, ioshe kwa tapentaini ndani ya kopo dogo, kisha kwa sabuni na maji, uitundike nywele zikitazama chini. Ile tapentaini chafu usiimwage karibu na kisima wala mtoni. Ifunike ikae siku chache. Uchafu utazama chini, na ile safi ya juu utaitumia tena. Mikono usiioshe kwa petroli. Paka mafuta ya kupikia, sugua mpaka rangi ilegee, halafu sabuni. Hapa mafuta ya nazi yana kazi nzuri.

Rangi ikibaki, futa ukingo wa kopo, funga kifuniko kwa kukigonga taratibu pande zote, hewa isiingie. Chukua kalamu, andika ubavuni: mlango wa mbele, na tarehe. Mwaka ujao ukingo wa chini ukianza kuchubuka utajua kopo lipi la kufungua.